Mzee Mwinyimvua Mrisho, Aliyesikia Nusu ya Hadithi

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, saa nane mchana, Mzee Mwinyimvua Mrisho, Meneja wa Usalama na Afya Kazini wa Karakana ya Zayed, Gerezani, atakabidhi funguo za ofisi ya ghorofani baada ya utumishi wa miaka thelathini na minane. Aliingia mwaka 1987 akiwa na miaka ishirini na miwili, kazi yake kupiga msasa mageti. Anatoka akiwa na miaka sitini. Katika miaka kumi na sita ya umeneja wake hakuna mfanyakazi aliyepoteza maisha wala kiungo ndani ya kuta zetu.

Kamati ya sherehe ilipoanza kuandaa wasifu huu, iligawa karatasi ili kila mfanyakazi aandike anachokijua kuhusu Mzee. Zilirudi karatasi themanini na mbili, na karibu zote zilisema mambo yaleyale: ni mkali, ni mkweli, anapenda kofia ngumu. Mmoja aliandika, "Ana baiskeli nyekundu," akaishia hapo. Hakuna aliyejua kama ana watoto, anashabikia timu gani, au anakula nini mchana. Ndipo mwenyekiti wa kamati, Fundi Haruna Mbaruk wa kitengo cha kuchomelea, aliponipa mimi kazi hii. Fundi Haruna ni baba yangu, nami niko kidato cha tatu. Humu nitamwita Fundi, kama mnavyomwita ninyi. Mzee aliniruhusu kusoma madaftari yake kumi na moja na kumuuliza maswali kwa Jumamosi nne, na mengi ya humu yametoka huko.

Kwanza nijibu yale ya kwenye karatasi. Mzee ana mtoto mmoja, mwanamume, anayefanya kazi Mwanza. Mkewe alifariki miaka tisa iliyopita. Anaishi Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba ya babu yake yenye vyumba sita, ambayo siku hizi imebanwa na maghorofa ya maduka pande mbili. Vyumba vitano ni stoo za wafanyabiashara wa mabegi. Cha sita ndicho chake. Anasema jioni maduka yakifungwa mtaa unanyamaza ghafla, naye hufungulia redio kabla ya kuvua viatu. Timu hakunitajia. Alisema meneja wa usalama akitaja timu, nusu ya karakana itavua kofia kwa makusudi.

Sasa nieleze alivyofika hapo alipo. Nilimuuliza mtu anakuwaje meneja wa usalama na afya kazini. Akasema, "Kwanza unakosea." Kisha akaona nimeiandika, akaniomba niifute. Sikuifuta, na nilipomweleza kwamba bila hiyo wasifu hauna mwanzo, alikubali ibaki.

Alikosea mwezi Agosti mwaka 1999. Wakati huo alikuwa fundi wa kuchomelea anayeheshimika, na mafundi wenzake walimwamini kuliko msimamizi. Karakana ilikuwa ikinunua mapipa yaliyotumika na kuyakata ili bati lake litengenezee majiko. Fundi mwenzake aitwaye Mudi alileta pipa, akamuuliza, "Kaka, hili lina kitu?" Mwinyimvua alifungua kizibo, akainamisha pua, akanusa, akasema, "Kavu hilo. Piga kazi."

Pipa lile lilikuwa limebeba thina, ile ya kuyeyushia rangi. Kweli halikuwa na hata tone, lakini mvuke wa thina, ambao pua iliyozoea harufu ya karakana haiusikii, ulikuwa bado umejaa ndani, na mvuke hauhitaji zaidi ya cheche moja. Mudi alipoteza jicho la kulia na vidole vitatu. Ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza la Mzee una maneno machache tu: "Pipa. Mudi. Mimi ndiye niliyesema kavu."

Baada ya hapo aliomba mwenyewe kuwa mwakilishi wa usalama, kazi ambayo kwa wakati ule hakuna aliyeitaka. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba. Akitoka kazini alikuwa akivuka hadi Mnazi Mmoja kusoma masomo ya jioni, mashavu bado yana masizi. Mtihani wa kidato cha nne aliufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea akiwa na miaka thelathini na minane. Hisabati ilimwangusha, akairudia mwaka uliofuata. Halafu zikaja kozi: huduma ya kwanza, kuzima moto, kuchunguza ajali, sheria za kazi. Mwaka 2008 alipata stashahada ya usalama na afya mahali pa kazi. Mwaka 2009 Bi. Dalia, mkurugenzi wetu, alimpa umeneja na ile ofisi ya ghorofani yenye dirisha la kioo linalotazama karakana nzima.

Yeye anasema vyeti ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni miguu. Kila asubuhi hupita mashine moja baada ya nyingine, na kila mtu humuuliza swali lilelile: "Leo nini kinaweza kukuumiza?" Wiki ya kwanza, fundi wa mashine ya kukunjia bati alimjibu, "Mke wangu, Mzee. Nimesahau kuacha hela ya gesi." Karakana ikaangua kicheko. Mzee hakucheka, aliandika. Nimeliona daftari, na limeandikwa kwa mwandiko mzuri: "Mashine ya kukunjia: anasema mke wake. Kifuatiliwe." Mchana alirudi kumuuliza yule fundi kama amempigia mkewe simu, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi wa nyumbani hukunja bati na kidole chake.

Ni yeye aliyeweka kanuni ya mapipa inayojulikana leo hata na fundi aliyeanza kazi jana. Pipa halinuswi. Pipa linajazwa maji hadi karibu na pale panapokatwa, linawekwa alama ya chaki nyeupe, ndipo linakatwa na maji yake. Karakana kadhaa za hapa Gerezani zimeiga, na zingine huja kuazima chaki.

Sehemu inayofuata ni ngumu kuiandika katika jarida la wafanyakazi, lakini bila hiyo wasifu huu utakuwa wa mtu mwingine.

Tangu mwaka 1992 Mzee Mwinyimvua na Fundi Haruna walikuwa wakila sahani moja. Fundi hapendi ukoko, Mzee anaupenda, kwa hiyo hawakuwahi kugombana. Walikaa kwenye benchi la mbao karibu na mashine ya kusagia vyuma, Fundi kulia na Mzee kushoto. Mzee alipopewa umeneja, aliendelea kushuka ngazi kila mchana na kukaa kushoto kwake.

Mei 2010 Mzee alipita nyuma ya karakana akamkuta Fundi amewasha gesi juu ya pipa lisilo na alama ya chaki. Akazima gesi kwa mkono wake. Waliokuwepo wanakumbuka maneno yao.

"Fundi, hili lina maji?"

"Lina maji, Mwinyi. Chaki tu nimesahau."

"Halina."

"Sasa utaniandika? Mimi?"

"Sikuandiki wewe. Naandika pipa."

Fundi alirudishwa nyumbani siku kumi na nne. Aliporudi aliwaambia wenzake kwamba pipa lilikuwa na maji, na kwamba Mzee alimwandika ili kuonyesha cheo chake kipya. Wengi walimwamini, kwa sababu Fundi ni mtu wa watu. Mzee hakujibu neno. Daftari la nne lina mstari mmoja kuhusu siku ile. Niliusoma, na Mzee akaniomba nisiunakili. Sikuunakili.

Siku ya kwanza baada ya adhabu, Fundi aliposikia viatu vya Mzee kwenye ngazi za chuma, alichukua spana akagonga bomba la hewa linalopita ukutani. Mara tatu. Kila mtu alielewa: anakuja. Kofia zikavaliwa, miwani ikashushwa, midomo ikafungwa. Kesho yake mwingine akagonga. Ikawa desturi. Mfanyakazi mpya huonyeshwa bomba kabla ya kuonyeshwa choo. Najua Fundi hakukusudia kumtenga mtu. Alitaka kumuudhi kwa wiki moja. Imekuwa miaka kumi na mitano.

Kwa mwezi mmoja baada ya hapo Mzee aliendelea kujaribu kushuka kula. Akifika, benchi lina nafasi lakini hakuna mazungumzo, na watu humaliza wali haraka kama wanaowahi basi la mwendokasi. Kwa hiyo akaanza kuja mara mojamoja, halafu siku za sikukuu tu.

Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2011, siku chache baada ya Idi. Alikuwa amesimama katikati ya ngazi, sahani mkononi, na Fundi alikuwa akisimulia. Eti Fundi alinunua mbuzi Vingunguti, akampakia kwenye bajaji. Kufika Jangwani, maji yamejaa barabarani.

"Dereva ananiambia, 'Shuka mzee tusukume.' Nikashuka. Na yeye akashuka. Sasa kumbuka, mbuzi yuko ndani peke yake. Amekaa kiti cha mbele, kama yeye ndiye ana leseni! Tunasukuma, tunasukuma, mara nasikia injini imewaka yenyewe…"

Watu walikuwa wameshaanza kucheka. Mzee naye, juu ya ngazi, alikuwa anacheka. Akashuka ngazi moja, chuma kikalia, na mtu akagonga bomba. Ti, ti, ti. Fundi akanyamaza palepale. Mzee alisimama kidogo, kisha akageuka na sahani yake. Tangu siku hiyo hula ofisini, kwenye kiti kinachotazama dirisha. Kupitia kile kioo huona kila anayecheka, lakini mashine hazimruhusu kusikia wanachochekea.

Msidhani hakujua maana ya bomba. Nimeshika mkononi mpango wa dharura wa karakana, aliouandika mwaka 2012. Ukurasa wa nne unasema: "Umeme ukikatika na king'ora kisifanye kazi, bomba la hewa ligongwe mara tatu kwa kurudia. Wafanyakazi wote wanaifahamu ishara hii na huacha wanachofanya mara moja." Bi. Dalia aliusaini bila kuuliza walijifunzia wapi.

Machi 2018 umeme ulikatika na moto ukaanza kwenye stoo ya rangi. Aliyeuona kwanza ni Fundi Haruna, na mkono wake ulikwenda kwenye spana kabla hajafikiri. Aligonga bila kuacha. Kila aliyesikia aliacha kifaa chake, akavaa kofia, na alipoona hakuna meneja anayeshuka akaelewa ni jambo jingine. Ndani ya dakika mbili watu wote walikuwa uani, na moto ukazimwa kwa mitungi ambayo Mzee alikuwa ameikagua wiki iliyotangulia. Mzee alihesabu watu: themanini na sita. Orodha ilisema themanini na saba. Akahesabu tena. Themanini na sita. Akafunga kitambaa puani, akaanza kurudi kwenye moshi kumtafuta aliyebaki.

Husna wa kitengo cha rangi ndiye aliyepiga kelele: "Mzee, rudi! Wa themanini na saba ni wewe!"

Watu walicheka sana siku ile, na bado huicheka. Nilipomkumbusha alitabasamu, akasema ni makosa ya kawaida katika kuhesabu.

Husna ndiye atakayeshika nafasi yake kuanzia Jumatatu. Alimaliza kozi yake mwaka jana, na kwa miezi sita Mzee amempitisha kwenye kila mashine. Amemwachia madaftari yote kumi na moja, chaki maboksi mawili, na ushauri mmoja uliosikika hadi nje ya mlango: "Binti yangu, usiape kwamba watakupenda. Apa kwamba watafika nyumbani." Nilimuuliza Husna anaogopa nini. Alisema haogopi mashine hata moja. Anaogopa bomba.

Mudi naye hajasahauliwa. Ana duka la vipuri vya baiskeli Mbagala, na Mzee humtembelea kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, miaka ishirini na mitano sasa. Ile baiskeli nyekundu ilitoka kwake. Nilimpigia simu kumwomba neno la kuweka humu. Akasema, "Mwambie kustaafu si sababu. Jumapili aje, na aache kuniomba msamaha, chai inapoa."

Jumamosi ya nne nilimuuliza Mzee angependa zawadi gani. Kamati ilikuwa imetaja godoro, friji na saa ya ukutani. Alisema chochote kitafaa. Akafunga kalamu, akaifungua, akaifunga tena. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Yule mbuzi alifika nyumbani?"

Mwisho wa hadithi hiyo ninaujua. Kwetu husimuliwa kila Idi, na hata jirani zetu wanaujua. Karakana yote inaujua. Miaka kumi na minne mtu mmoja tu hajaambiwa. Ningeweza kumwambia palepale kwa dakika moja, lakini niliona si mimi ninayepaswa kuumalizia.

Nilipomaliza kuandika nilimpa Fundi rasimu, kwa sababu yeye ndiye mwenyekiti. Katika rasimu ile, kuhusu Mei 2010, nilikuwa nimeandika tu kwamba Fundi alisema hili na Mzee akasema lile. Alisoma akiwa amesimama mlangoni. Akaniambia, "Hapa umekosea. Umeandika bomba la maji. Ni bomba la hewa." Nikasahihisha. Akatoka nje, akakaa barazani mpaka adhana ya magharibi. Aliporudi alinirudishia karatasi, akasema, "Ongeza. Andika pipa halikuwa na maji. Nilikuwa na haraka, nikalinusa. Na Mwinyi alijua nimewadanganya watu, akaninyamazia miaka yote hii nisiaibike mbele ya vijana ninaowafundisha. Andika hivyohivyo, usipambe."

Nimeandika hivyohivyo.

Fundi ameiomba kamati ibadilishe ratiba ya Ijumaa, na kamati imekubali. Baada ya swala hatutaanza na hotuba. Tutaanza na chakula, karakanani, mashine zikiwa zimezimwa. Benchi la karibu na mashine ya kusagia limepigwa msasa, na upande wa kushoto asikae mtu. Fundi atapakua sahani moja, na Bi. Amna wa jikoni ameombwa asiutupe ukoko.

Saa saba na nusu mtasikia viatu kwenye ngazi za chuma. Tafadhalini sana, mtu yeyote asishike spana. Kuanzia siku hiyo bomba lile ni la moto tu, kwa Mzee na kwa Husna. Kofia zivaliwe mapema, kama alivyotaka siku zote, na mazungumzo yaendelee. Akifika ngazi ya mwisho Fundi atakuwa ameshaanza kusimulia kuanzia Vingunguti, ili wakutane Jangwani.

Mzee Mwinyimvua, kwa niaba ya watu themanini na saba, ukiwemo wewe, asante kwa vidole vyetu, macho yetu na jioni zote tulizorudi nyumbani wazima. Tunakuombea afya, mapumziko marefu, na wageni wengi Mtaa wa Sikukuu hata baada ya maduka kufungwa. Shuka taratibu Ijumaa, ushike reli ya ngazi kama unavyotufundisha. Mbuzi bado yuko ndani ya bajaji, na safari hii hakuna wa kumkatiza.

Najma Haruna
Kidato cha Tatu, kwa niaba ya Kamati ya Sherehe